Mifuko Michache ya Saruji: Kujenga Nyumba Imara Nyunzu

Nyumba ya kawaida ya Nyunzu, mji wa mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, ni ya chini: kuta za tofali za udongo, mbichi au za kuchoma, paa la nyasi au la mabati, na msingi wa mawe au wa tofali zilezile za ukutani. Uzito wake si mkubwa, na siku nyingi za mwaka udongo mwekundu huubeba bila shida. Kinachoiangusha ni mambo matatu: maji ya mvua yanayoula ukuta kutoka chini, upepo unaofunua paa, na tetemeko la ardhi. Kinga ya mambo hayo yote hutaka saruji na nondo kidogo, na hivyo ndivyo vitu adimu. Saruji inayofika Nyunzu imetoka kiwanda cha Kabimba, kusini mwa Kalemie, au imevuka Ziwa Tanganyika, kisha imepakiwa upya kwenye lori au kwenye behewa la reli ya kutoka Kabalo iliyofika Kalemie mwaka 1915. Kila inapopakuliwa na kupakiwa tena, bei hupanda na mifuko kadhaa hupasuka. Ndiyo maana hesabu ya kwanza ya mjenzi ni kuamua mifuko aliyonayo iende sehemu gani ya nyumba, kabla hata ya kuuliza rangi ya ukuta.

Tetemeko husahaulika upesi, maana mtu anaweza kuishi miaka mingi asione kubwa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, likabomoa nyumba Kalemie na kuua watu. Miaka 13 kabla ya hapo, tarehe 11 Septemba 1992, jingine lililozidi kipimo cha 6 lilipiga karibu na Kabalo. Nyunzu iko kwenye njia ya reli kati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo fundi anayesema kwamba matetemeko ni ya Goma na Bukavu hajaitazama ramani. Hata tetemeko dogo kuliko hayo hutosha kuleta msiba: lile la Kagera, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016, lilikuwa la kipimo cha 5.9 tu, nalo liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za tofali zisizofungwa kwa chochote.

Namna ukuta unavyoanguka inaeleweka vizuri. Ukuta una nguvu ukisukumwa kwa urefu wake, lakini ukisukumwa ubavuni hutaka kulala. Ardhi inapoyumba, kuta mbili zinazokutana pembeni huvutana, kila mmoja ukienda njia yake, mpaka kona inapasuka wima kuanzia juu. Baada ya hapo kila ukuta umesimama peke yake, na mtikisiko unaofuata huulaza. Mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka juu ya kuta zote bila kukatika, huzifunga pamoja kama kamba inavyoufunga mzigo wa kuni. Kwa nyumba ya ghorofa moja, hakuna mahali pengine ambapo saruji huleta faida kubwa kiasi hicho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nyumba ya mita 8 kwa 6 yenye ukuta mmoja wa kati ina kuta za urefu wa mita 33 hivi. Mkanda wa upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 20 hutumia mita za ujazo 1.3 za zege. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa takriban mita 4 za mkanda huo, kwa hiyo mifuko 8 au 9 inatosha. Nyumba hiyohiyo ikipigwa lipu ya saruji ndani na nje, kwa unene wa sentimita moja na nusu, hula mifuko 15 na zaidi. Wengi hupiga lipu na kuacha mkanda, kwa sababu lipu huonekana barabarani na mkanda hufichwa na paa. Mwenye mifuko 20 tu angefanya vizuri zaidi kuanza na sehemu ya chini ya ukuta inayopigwa na maji, afuate mkanda, kisha kingo za madirisha. Lipu isubiri mwaka mwingine. Kwenye tofali mbichi, lipu ya saruji haifai hata pesa ikiwapo. Ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, hupasuka, maji huingia nyuma yake, kisha hubanduka vipande vizima pamoja na ngozi ya tofali. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu hukaa vizuri, na ikichakaa hurudiwa bila gharama kubwa.

Kazi huanza na kiwanja. Udongo mwekundu wenye changarawe, ule unaohitaji sururu, ni mahali pazuri pa kuweka msingi. Udongo mweusi wa mabondeni, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, ni wa kuepukwa. Hunyanyua nyumba upande mmoja na kuishusha upande mwingine kila mwaka, na nondo chache hazitauzuia. Kando ya mto Lukuga na vijito vyake kuna mchanga mlaini na udongo wa mafuriko, nao hushuka unapobebeshwa uzito. Kupima hakuhitaji maabara. Mtaimbo ukidondoshwa kwenye pembe zote za kiwanja na katikati, ukazama sana upande mmoja na kugonga upande mwingine, kiwanja si cha aina moja, na nyumba ikikalia pande zote mbili itapasuka katikati.

Hatari kubwa zaidi viwanjani ni mashimo yaliyosahauliwa. Tofali nyingi hufyatuliwa palepale nyumba itakapojengwa. Shimo la udongo hubaki, hujaa takataka na majani, miaka hupita, kisha mtu hununua kipande hicho akidhani ni ardhi asilia. Vyoo vya zamani ni hivyohivyo. Kichuguu nacho kina ubaya wake: udongo wake ni mzuri kwa tofali na watu huupenda, lakini chini yake kuna njia na vyumba vya mchwa. Kichuguu kikisawazishwa juujuu, msingi hukaa juu ya utupu, na mchwa waliobaki huanza kupanda kuelekea mbao za paa. Inafaa kuchimba mpaka chini, kumtoa malkia, kisha kujaza kwa changarawe inayoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa kidogo. Na anayefyatua tofali kwenye kiwanja chake mwenyewe aweke shimo mbali na msingi, angalau mara mbili ya kina chake. Shimo la mita 2 likae mita 4 au zaidi kutoka ukutani.

Kina cha msingi kwenye udongo mgumu ni sentimita 60 hadi 80, mradi chini pafikie ardhi isiyoguswa, isiyo na mizizi wala udongo mweusi wa juu. Upana wa sentimita 50 unatosha kwa ukuta wa unene wa tofali moja. Chini ya mtaro pawe tambarare. Kiwanja kikiwa na mteremko, mtaro hupandishwa kwa ngazi, wala hauchimbwi kwa kufuata mteremko. Pasipo saruji ya kutosha, mawe ya chini yanaweza kupangwa kwa udongo mzuri na kubanwa kwa vipande vidogo, ila sehemu inayotoka juu ya ardhi ijengwe kwa saruji. Sehemu hiyo ifike sentimita 40 au 50 juu ya uwanja. Matone ya mvua yanayodondoka kutoka paani hurusha maji na matope kiasi hicho, na ukuta wa tofali mbichi unaoanzia chini kabisa huliwa na kubaki mwembamba mguuni, hata kama juu bado ni mzima. Paa likitokeza nje kwa sentimita 60 na mfereji ukachimbwa pale maji yanapodondokea, uende kumwaga mbali, nusu ya tatizo la mvua imekwisha. Mfereji wa namna hiyo hugharimu siku moja ya jembe.

Tofali hupimwa kabla ya kulipiwa. Ya kuchoma iliyoiva hulia ikigongwa na mwenzake. Isiyoiva hutoa sauti ya bubu. Ikiachwa idondoke kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu isivunjike, na msumari usiichimbe kirahisi. Kipimo cha maji ndicho cha uhakika zaidi: tofali kavu hupimwa kwenye mizani ya sokoni, hulazwa ndani ya maji siku nzima, kisha hupimwa tena. Iliyokuwa na kilo 2.5 ikitoka na zaidi ya kilo 3 imenyonya zaidi ya asilimia 20, nayo haifai kwa msingi wala kwa safu za chini. Kila tanuri hutoa aina mbili au tatu za tofali. Zile za katikati huiva, za pembeni na za juu hubaki na rangi ya udongo. Muuzaji huzichanganya, mnunuzi mwerevu huzitenganisha, zilizoiva zikaenda chini na pembeni, zile dhaifu zikaenda kwenye kuta za ndani ambako hakuna mvua.

Kwa tofali mbichi kuna majaribio mawili yanayotumika mahali pengi duniani. Udongo hufinyangwa vijidonge vya sentimita 2, vikauke siku mbili, kisha vijaribiwe kuvunjwa kwa vidole. Vikipondeka, udongo hauna mfinyanzi wa kutosha. Vikiwa vigumu lakini vimejaa nyufa, mfinyanzi umezidi na mchanga uongezwe. Jaribio la pili ni la tofali yenyewe baada ya kukauka wiki nne: hulazwa juu ya nyingine mbili, kila ncha ikiwa imeegemea, na mtu mzima husimama katikati yake. Ikivunjika, rundo lote linahitaji kuangaliwa upya.

Kujenga kwenyewe kuna kanuni ambazo waashi wote wanazijua lakini si wote wanaozifuata jioni inapokaribia. Tofali ya kuchoma hulowanishwa kabla ya kupangwa, la sivyo hunyonya maji ya saruji, na saruji hubaki vumbi. Viungo vya wima visifuatane. Kila tofali ikae nusu juu ya mbili za chini yake. Kona zipande pamoja na kuta zake. Desturi ya kujenga ukuta mmoja mpaka juu huku mwingine ukiachwa uje kuunganishwa baadaye kwa meno huacha ufa uliokwisha kuandaliwa. Ikibidi kusimama, ukuta uishie kwa ngazi. Mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano au sita unatosha kwa kuta. Kuongeza saruji zaidi ya hapo ni kutupa pesa, maana udhaifu uko kwenye tofali. Uchanganywe unaoweza kuisha ndani ya saa moja na nusu. Ule ulioganda ukaongezewa maji ili ulainike tena hauna kazi, ingawa kwa macho unafanana na mwingine.

Ukuta wa tofali mbichi usizidi mara nane ya unene wake kwa kimo, wala mara kumi kwa urefu kati ya kuta mbili zinazoukata. Ukuta wa sentimita 35, basi, unaweza kupanda mita 2.8 na kwenda mita 3.5 kabla ya kuhitaji ukuta wa kukata au nguzo ya kuuegemeza. Kwa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji, unene wa sentimita 20 au zaidi huvumilia mita 4 hadi 5 za urefu chini ya mkanda. Ukuta wa unene wa nusu tofali, sentimita 11 hivi, ni wa kugawa vyumba tu; kuutumia kubeba paa ni kosa linaloonekana katika nyumba nyingi za haraka. Madirisha yasisogee kwenye kona. Sentimita 60 kwa tofali za kuchoma na mita 1.2 kwa tofali mbichi ndicho kiasi kinachohitajika ili kona iwe na nguvu. Upana wa milango na madirisha yote kwenye ukuta mmoja wa tofali mbichi usizidi theluthi moja ya urefu wake. Duka linalotaka kufungua upande wote wa mbele kwa milango ya chuma halina tena ukuta upande huo, na lazima lipate fremu ya zege iliyokokotolewa na mhandisi.

Mkanda wa zege ukipita juu ya madirisha moja kwa moja huwa pia linta, na hivyo mjenzi huokoa kazi mara mbili. Nondo nne za milimita 10, mbili juu na mbili chini, hushikwa na ringi za milimita 6 kila sentimita 20, na kila sentimita 15 karibu na kona. Kwa nyumba ile ya mfano zinahitajika nondo 13 za mita 12, na ringi zaidi ya 160. Pale nondo mbili zinapounganishwa, zipitane sentimita 50 hadi 60, na viungo visikutane vyote mahali pamoja. Kosa la hatari zaidi liko pembeni. Mafundi wengi hukata nondo kwenye kona na kuacha ncha mbili ziguse tu, na mkanda huo ni nusu mkanda, kwani tetemeko huanza kazi yake palepale. Nondo ya nje ikunjwe na kuzunguka kona kwa sentimita 60, na nyingine zenye umbo la L ziongezwe. Mwenye nyumba asiyejua kitu kingine chochote cha ujenzi anaweza kupanda ngazi kabla zege haijamwagwa, akatazama kona nne na makutano ya ukuta wa kati, na kupiga picha. Baada ya hapo hakuna atakayeona tena kilichomo.

Nondo zenyewe hazilingani na majina yake. Sokoni kuna zinazoitwa za 12 ambazo kipenyo chake hakifiki. Mizani ndiyo hakimu: kipenyo kwa milimita huzidishwa chenyewe kwa chenyewe, kisha hugawanywa kwa 162, na jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo halisi ya 12 ina gramu 890 kwa mita, yaani karibu kilo 10.7 kwa urefu wa mita 12. Ya 10 ina kilo 7.4, na ya 8 kilo 4.7. Inayoitwa ya 12 ikipimwa ikaonyesha kilo 8.9, kipenyo chake ni 11, na sehemu moja ya sita ya chuma kilicholipiwa haipo. Urefu nao upimwe kwa futi kamba, kwa kuwa nondo zilizokunjwa kati ili ziingie kwenye lori huficha mita zilizopungua. Kutu nyekundu ya juujuu haina madhara. Kutu inayobanduka kwa magamba ndiyo ya kukataliwa.

Zege hupimwa kwa sanduku. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, na sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 35 lenye kimo cha sentimita 29 ndilo mwenzake. Mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto ni mchanganyiko unaofaa kwa mkanda wa nyumba. Kupima kwa beleshi ndiko kunakoharibu: beleshi la mchanga mbichi huja na mlima, la saruji huja tambarare. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, bidoni moja na robo, na yapunguzwe mchanga ukiwa umeloa. Vijana wanaochanganya hupenda zege inayotiririka kwa sababu huwapa nafuu mikononi. Kila bidoni ya ziada huacha vitundu vidogo ndani ya zege baada ya kukauka, na vitundu hivyo ndivyo udhaifu wenyewe. Zege nzuri husimama ikirundikwa na hulainika ikishindiliwa kwa fimbo ya nondo.

Mchanga wa mtoni huchunguzwa kwa chupa ya kioo: nusu mchanga, maji mpaka juu, itikiswe na kuachwa saa tatu. Tope hutua juu ya mchanga. Kwenye sentimita 10 za mchanga, tope likizidi sentimita moja, mchanga uoshwe. Kokoto za mawe magumu zinazogongwa kwa nyundo ni bora kuliko changarawe nyekundu, ambayo mara nyingi huvunjika mkononi na imefunikwa vumbi linalozuia saruji kushika. Palipo na changarawe nyekundu pekee, ioshwe, ichekechwe, na zile zinazopondeka kwa nyundo kwa pigo moja zitupwe. Kuhusu saruji, mfuko husomwa kabla ya kununuliwa: 32.5 inatosha kwa kuta na mkanda, 42.5 ni ya nguzo na sakafu za juu. Iliyokaa miezi mitatu kwenye ghala lenye unyevu inaweza kuwa imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Madonge yanayovunjika kwa vidole yanaweza kuchekechwa. Yanayohitaji nyundo ni mawe. Nyumbani mifuko ikae juu ya mbao, isiguse ukuta.

Zege ikishamwagwa, kazi iliyobaki ni maji. Haikauki kwa jua ndipo iwe ngumu; hukomaa kwa kuwa na maji, na ikinyimwa maji siku za kwanza hubaki dhaifu daima. Siku saba ndizo chache kabisa, na katika miezi ya Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa kavu, kumi si nyingi. Majani ya migomba au magunia yaliyoloweshwa juu ya mkanda hupunguza safari za kisimani. Palipo na malipo ya kazi nzima kwa bei moja, fundi anayemaliza leo anataka kuanza kwingine kesho, na kumwagilia si faida yake. Ni busara kumlipa mtu mwingine kwa ajili ya maji hayo, au mwenye nyumba ayashughulikie mwenyewe. Mbao za chini ya linta zisitolewe kabla ya wiki mbili, hata kama fundi anazihitaji mahali pengine.

Paa la mabati ni jepesi, na wepesi huo ndio unaolifanya liruke. Dhoruba zinazofungua msimu wa mvua huingia chini ya ukingo na kunyanyua. Misumari pekee hung'oka. Wakati wa kumwaga mkanda, vipande vya nondo ya milimita 6 huachwa vimechomoza kila mahali boriti itakapokaa, kisha hukunjwa juu ya boriti na kupigiliwa. Pasipo mkanda, waya mzito uzamishwe safu tano au sita chini ndani ya ukuta, ili upepo ulazimike kunyanyua na uzito wa tofali. Varanda iwe na paa lake la pekee, chini ya paa kubwa, maana ndiyo huanza kung'olewa na kuvuta lililobaki. Pembetatu ya tofali iliyo juu ya ukuta wa mwisho wa nyumba ndiyo sehemu inayoanguka mapema kuliko zote katika tetemeko, na huangukia mlangoni au kitandani. Paa la miteremko minne huiondoa kabisa. Asiyelitaka anaweza kuziba pembetatu hiyo kwa mbao au kwa mabati. Boriti za mninga huvumilia mchwa kuliko miti mingi; za mikaratusi michanga hupinda zikikauka, na zikitumika zipakwe dawa kwenye ncha zinazokaa ukutani.

Yapo mambo ambayo kanuni hizi hazitoshi, na hapo mhandisi hana mbadala: ghorofa ya pili, darasa au kanisa lenye paa la upana unaozidi mita 6, daraja, na mnara wa tangi la maji. Huu wa mwisho hudharauliwa kuliko yote. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5, zimewekwa juu ya miguu mirefu, na ardhi ikiyumba uzito huo wote huvuta kwa ubavu. Nguzo nne za tofali haziwezi kuuzuia. Vituo vya afya ndivyo vinavyojenga minara hiyo kwa wingi, tena karibu na wodi. Kama mteremko wa kiwanja unaruhusu, tangi likae juu ya jukwaa fupi la mawe upande wa juu, mbali na kuta kwa umbali unaozidi kimo chake. Wahandisi wa majengo hufundishwa Kinshasa kwenye taasisi ya INBTP na Lubumbashi kwenye kitivo cha politekiniki cha chuo kikuu, na mchoro unaweza kusafiri: vipimo, picha za kiwanja na za mashimo ya majaribio vikitumwa kwa simu, mhandisi aliye mbali anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake, ila asiruhusiwe kudhani udongo ambao hakuna aliyeuchimba.

Chumba kinapoongezwa kwenye nyumba ya zamani, ule ukuta mpya hushuka kidogo huku wa zamani umekwisha kutulia. Kuziunganisha kwa meno huzaa ufa ndani ya mwaka. Ni afadhali kuacha nafasi ya sentimita 3 kati yake, kila upande usimame kwa msingi wake, na nafasi ifunikwe kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu.

Ufa ukionekana, usomwe kabla ya kuzibwa. Ule mwembamba kama unywele, unaokwenda huku na huku kwenye lipu, ni wa lipu kukauka. Unaopanda kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha kuelekea kona unaonyesha kwamba kona inashuka, na jibu lake liko ardhini: mfereji ulioziba, shimo lililojazwa, au maji ya bomba yanayovuja. Ulio wima kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini, unasema kuta zinaachana na mkanda haupo au umekatika. Wa kulala chini ya boriti za paa hutokana na paa kusukuma kuta nje. Ncha za ufa hutiwa alama ya kalamu na tarehe, na kipande chembamba cha kioo hugandishwa juu yake kwa saruji, ncha zote mbili. Kioo kikivunjika, nyumba bado inatembea. Kikikaa msimu mzima wa mvua, Oktoba hadi Aprili, bila kuvunjika, ufa unaweza kuchimbwa, kuloweshwa na kuzibwa. Unaozidi milimita 5, au unaopitisha mwanga upande wa pili, haungoji msimu: vitanda vihamishwe kutoka ukuta huo siku hiyohiyo, boriti ziegemezwe kwa nguzo za miti, na msingi ufukuliwe upande mmoja kwa urefu usiozidi mita moja kwa wakati, ili kuona umekalia nini.